Sura ya Saba: Niinue, Nishushe

Wengi huuliza swali hili, mara nyingi kwa utani: hivi mtu na mwenzi wake wakitandika mkeka wakanyoosha viungo pamoja, wataaminiana zaidi kweli, au wataamka kesho na maumivu ya kiuno tu? Wanaouliza huwa wameshaona picha. Mwanamke yuko hewani kifudifudi, mikono ameitandaza, nyonga zake zimekaa juu ya nyayo za mwanamume aliyelala chali mchangani. Nyuma yao ni bahari ya Diani au Kendwa, na chini ya picha kuna maneno ya mapenzi. Mtazamaji anamgeukia mumewe aliyejilaza kwenye kochi, anaitazama tena picha, anacheka.

Ana haki ya kucheka. Picha hukamata sekunde moja tu, ile nzuri kuliko zote, na huacha nje karibu kila kitu kilichowafanya wawili wale waaminiane: mwanamke alipandishwaje, alisema nini alipohisi anateleza, na zaidi ya yote alishushwaje. Sura hii itakaa sana kwenye hilo la kushushwa.

Kijumba cha mtu mmoja

Kwanza maana. Yoga ni mazoezi ya mwili, pumzi na utulivu wa akili yaliyotoka India. Kila namna ya kusimama, kukaa au kulala katika yoga huitwa mkao, au *asana* kwa Kisanskriti. Yoga ya wawili ni mikao hiyohiyo ikifanywa na watu wanaoegemeana, wanaovutana au wanaobebana.

Anayedhani kwamba hii ni desturi ya kale atashangaa. *Hatha Yoga Pradipika*, kitabu cha karne ya 15 kilicho miongoni mwa vitabu vikuu vya yoga ya mwili, kinamtaka mwanayoga akae mahali pa faragha katika kijumba chenye mlango mdogo, kisicho na madirisha, kilichosiribwa vizuri kwa samadi ya ng'ombe na kisicho na wadudu. Humo hamna hata nafasi ya mkeka wa pili.

Jozi zilikuja baadaye sana, katika karne ya 20, yoga ilipotoka vijumbani na kuingia madarasani. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Pune aliyefariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95, alijulikana kwa kutumia mikanda, vipande vya mbao na viti ili kumfikisha mwanafunzi pale asipoweza kufika peke yake. Katika madarasa ya mtindo wake, mwanafunzi wa mkeka wa jirani naye huweza kuwa kifaa: anavuta nyonga, anashikilia kisigino, anakaza mkanda.

Mwanzoni mwa karne hii ikaja akroyoga, ambayo ni yoga iliyochanganywa na sarakasi pamoja na mbinu za masaji ya Kithai. Jessie Goldberg na Eugene Poku waliianzisha yao Montreal, Kanada. Jason Nemer na Jenny Sauer-Klein wakaanzisha yao California mwaka 2003. Picha nyingi za ufukweni zinatokana na mtindo huu.

Afrika Mashariki mambo yalikwenda kinyume: sarakasi ndiyo iliyotangulia. Tanzania ilipeleka vijana China kujifunza sarakasi tangu miaka ya 1960, na Bagamoyo sanaa hiyo ina darasa lake katika chuo cha sanaa cha huko. Kenya nako, wanasarakasi ndio walioivuta yoga ije kwao. Mwaka 2006, Mmarekani Paige Elenson alikuwa matembezini nchini humo na familia yake alipowaona vijana wakisimama kwa mikono. Akaenda kujiunga nao. Wakamwomba arudi awafundishe yoga, na mwaka 2007 likazaliwa shirika la Africa Yoga Project jijini Nairobi, ambalo limeandaa walimu wengi vijana kutoka mitaa ambako ada ya darasa la yoga ingekuwa anasa.

Na anayetaka kuona watu wawili waliokabidhiana shingo zao, awatafute Ramadhani Brothers wa Tanzania, Fadhili Ramadhani na Ibrahim Jobu, walioshinda shindano la televisheni la *America's Got Talent: Fantasy League* mwaka 2024. Mmoja husimama. Mwingine hukaa juu yake miguu ikielekea angani, kichwa juu ya kichwa, mikono haishiki kitu. Aliye chini akipiga chafya hadithi imekwisha. Wale ni mabingwa waliokulia kwenye kazi hiyo, na hakuna msomaji wa sura hii anayepaswa kuwaiga. Lakini swali wanalolijibu kila usiku jukwaani ndilo linalowakabili mke na mume sebuleni: nitamwachia mwenzangu uzito wangu kiasi gani?

Miguu inaponyooka

Mkao wa kwenye picha za ufukweni ndio wanaouanzia karibu wote wanaojifunza kubebana. Unahitaji watu watatu. Aliye chini aitwe mbebaji, aliye juu abaki kuwa aliye juu, na wa tatu aitwe mlinzi. Mlinzi hapigi picha. Husimama ubavuni, mikono tayari karibu na mbavu na bega la aliye juu, ili akiyumba, kifua na kichwa vikamatwe na miguu itangulie kufika chini.

Mbebaji analala chali, anainua miguu, anaweka nyayo zake kwenye mifupa ya mbele ya nyonga za mwenzake, vidole vikitazama nje kidogo. Wanashikana viganja. Aliye juu anaegemea mbele. Harukii, na hapo ndipo wanaoanza hukosea kwanza. Mbebaji anakunja magoti kuupokea uzito, kisha ananyoosha miguu mpaka isimame wima juu ya nyonga zake mwenyewe.

Ikishasimama wima, jambo la ajabu hutokea. Uzito unashuka kupitia mifupa ya miguu hadi sakafuni, na misuli inapumua. Ndiyo maana mtu wa kilo 55 anaweza kumbeba wa kilo 70 bila kutetemeka, ilhali mwanamume mwenye mapaja ya kucheza mpira hutetemeka vibaya miguu yake ikilala kidogo upande wa kichwa. Nguvu si kitu kikubwa hapa kuliko pembe.

Kazi ya aliye juu ni ngumu kuliko inavyoonekana. Anatakiwa akaze tumbo na makalio, awe mkavu kama ubao, atazame mbele. Mwili unaoogopa hufanya kinyume chake: unajikunja kiunoni na kutaka kujikusanya. Ukijikunja, uzito unahama kutoka kwenye nyayo za mbebaji, mikono inapokea mzigo usiokuwa wake, na wote wawili wanadondoka. Kwa maneno mengine, hofu ya kuanguka ndiyo inayomwangusha mtu. Na hofu hiyo haiondolewi kwa kuambiwa "usiogope". Inapungua pale mwili unapopata ushahidi kwamba aliye chini anasikia.

Neno la kwanza kujifunza

Walimu wazuri wa akroyoga hufundisha neno la kushusha kabla ya kufundisha mkao wowote. Kwa Kiswahili neno hilo lipo tayari: "Shusha." Masharti yake ni machache na hayana mjadala. Yeyote kati ya watatu anaweza kulisema, mbebaji na mlinzi wakiwemo. Halihitaji sababu. Likishasemwa, kinachofuata ni kushusha, papo hapo, taratibu, magoti yakikunjwa mpaka miguu ya aliye juu ikanyage chini. Hakuna kumalizia picha.

Chukua mfano wa mke na mume wa makamo, siku ya kwanza, kaka wa mke akiwa mlinzi. Mke ameshainuliwa, miguu yake ndiyo kwanza imeacha sakafu.

"Shusha."

"Bado kidogo, Mama Amina, tumeshaweza."

"Nimesema shusha."

Mume anashusha. Hakuna aliyeumia, na mume ana nia njema kabisa. Alitaka mkewe aone kwamba inawezekana. Lakini mwili wa Mama Amina umeshapata jibu lake: nikiwa juu, uamuzi si wangu. Jaribio la pili atajikunja mapema zaidi, na mume ataanza kusema mkewe ni mwoga.

Sasa irudiwe kwa namna nyingine. Anasema "Shusha", magoti yanakunjwa hapohapo, miguu inakanyaga chini, mume anauliza neno moja tu: "Tena?" Mara nyingi jibu ni ndiyo, na mara nyingi safari ya pili hudumu kuliko ya kwanza. Mama Amina hajawa jasiri ghafla. Amejua tu kwamba mlango wa kutokea uko wazi na funguo anazo yeye.

Hiki ndicho kiini cha yoga ya wawili, na ni ajabu kwamba matangazo yake hukipita bila hata kukigusa. Kuinuliwa kunapendeza, lakini kuaminiana kunakua kila mtu anaposhushwa alipoomba kushushwa. Ndiyo maana mkao mwepesi wa kukaa chini, ukifanywa na watu wanaosikilizana, una faida kuliko mkao wa ufukweni uliofanywa kwa kulazimishana.

Kwa ufupi hadi hapa:

- Yoga ya wawili ni jambo jipya, na ndugu yake wa karibu Afrika Mashariki ni sarakasi.
- Kubebana kunategemea mifupa kusimama wima kuliko misuli mikubwa.
- Neno "shusha" hujifunzwa kwanza, na hutekelezwa bila mjadala.

Maabara zilichokiona

Je, kuna ushahidi wowote zaidi ya maneno ya walimu? Majaribio yanayofuata hayakuwa ya yoga. Yalichunguza vipande vyake kimoja kimoja: ugeni wa jambo, mguso, mwendo wa pamoja na pumzi.

La kuchekesha zaidi lilifanywa na Arthur Aron wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York, na wenzake, na matokeo yake yalitoka mwaka 2000. Wanandoa walifungwa pamoja kwa mikanda, kifundo cha mkono kwa cha mkono na cha mguu kwa cha mguu. Wakaambiwa watambae juu ya magodoro ya mazoezi, wavuke kizuizi na kurudi, huku wamebeba mto walioubana kati yao bila kutumia mikono wala meno. Walishindana na saa. Kundi jingine lilipewa kazi ya kuchosha: kutambaa polepole kwa zamu huku mtu akisukuma mpira. Kazi ilichukua dakika 7 tu. Waliotambaa na mto walitoka wakiuona uhusiano wao kuwa bora kuliko walivyousema kabla ya kuingia, na wale wa mpira hawakupata faida hiyo. Maelezo ya Aron ni kwamba wanandoa wengi huishiwa na mambo mapya ya kufanya pamoja, na jambo geni lenye msisimko kidogo hurudisha ile hali ya siku za mwanzo. Atakayewaona watu wazima wawili wakijaribu yoga kwa mara ya kwanza ataukumbuka ule mto.

Jaribio la James Coan wa Chuo Kikuu cha Virginia, la mwaka 2006, lilihusu mguso. Wanawake 16 walioolewa waliingizwa kwenye mashine ya MRI, inayoonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi, wakaambiwa kwamba huenda wangepigwa shoti ndogo ya umeme. Wakati mwingine walishika mkono wa mume, wakati mwingine wa mtu wasiyemjua, wakati mwingine walikuwa peke yao. Mkono wa mume ulituliza sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari kuliko mkono wa mgeni. Tena utulivu ulikuwa mkubwa kwa wale waliosema ndoa zao ni nzuri. Hapo kuna onyo dogo: mguso hufanya kazi juu ya kile kilichopo tayari.

Wapiga makasia wa Chuo Kikuu cha Oxford nao walipimwa uwezo wa kuvumilia maumivu baada ya kufanya mazoezi. Waliofanya kwa pamoja, kwa mapigo yaleyale, walivumilia zaidi kuliko walipofanya kazi ileile kila mmoja peke yake. Na katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, Emilio Ferrer na wenzake waliwakalisha wapenzi, jozi 32, wakitazamana bila kugusana wala kusema. Pumzi na mapigo ya moyo ya kila jozi yalianza kufuatana. Watafiti walipochanganya takwimu za watu wasiokuwa wapenzi, kufuatana huko kukatoweka.

Pa kuanzia sebuleni

Hakuna haja ya kubebana. Mikao mitatu ifuatayo hufanywa chini, kwenye mkeka au zulia, tumbo likiwa halijatoka kwenye chakula kizito.

1. *Mgongo kwa mgongo.* Wenzi wakae wameegemeana migongo, miguu wameikunja, macho wameyafumba. Kila mmoja asikilize mbavu za mwenzake zikipanda na kushuka. Baada ya dakika mbili au tatu pumzi huanza kufuatana zenyewe, zisilazimishwe.

2. *Kuinama na kuegemea.* Mmoja anyooshe miguu mbele na kuinama taratibu kuelekea magoti, huku mwenzake akijilaza kwa mgongo juu ya mgongo wake. Anayeinama ndiye anayesema uzito uongezwe au upunguzwe. Aliye nyuma hawezi kuona uso wa mwenzake, kwa hiyo asiposikia kitu aulize. Kisha wabadilishane.

3. *Mashua ya wawili.* Wakae wakitazamana, washikane mikono, wagusanishe nyayo, kisha wainue miguu mmoja baada ya mwingine mpaka wabaki wamekalia makalio tu. Mguu usiponyooka si neno. Vicheko hapa ni vya kawaida, na mara nyingi ndivyo vinavyoangusha mashua.

Huu wa pili ndio unaostahili muda mwingi. Ndani yake mna kila kitu kilichoelezwa juu ya "shusha", isipokuwa hatari ya kuanguka. Mume aliyezoea kuamua mambo ya nyumba atagundua kwamba kwa dakika mbili hawezi kuamua hata kilo ngapi ziwe mgongoni mwa mkewe. Mke aliyezoea kusema "niko sawa tu" atalazimika kusema ukweli, kwa sababu akinyamaza ataumia. Wanaofanya mkao huu kimya kimya wanaukosea kabisa. Unatakiwa uwe na maneno mengi, "ongeza", "hapo", "punguza kidogo".

Kubebana kusubiri mwalimu na mlinzi. Wajawazito, wenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, presha ya macho, majeraha ya mgongo au ya viganja, na waliofanyiwa upasuaji karibuni wamwone daktari kwanza, na mikao ya kichwa chini waiache.

Haya, dini na mavazi

Swali jingine huulizwa kwa sauti ya chini: je, hii si ibada ya Kihindu? Majibu ya viongozi wa dini hayafanani. Baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu kufanya yoga mwaka 2008, likihofia sehemu zake za kiimani. Saudi Arabia, mwaka 2017, iliiruhusu kama mchezo. Makanisani nako wapo wanaoikataa na wapo walimu wa yoga wanaoimba kwaya Jumapili. Anayetaka mazoezi ya viungo na pumzi bila nyimbo za Kisanskriti anaweza kuyapata hivyo, na mikao mitatu ya hapo juu haina neno lolote la ibada.

Suala la kugusana ni jepesi zaidi. Hakuna mkao unaodai mwanamume na mwanamke. Dada wawili, mama na binti, marafiki wa kiume waliocheza mpira pamoja tangu utotoni, wote wanafaa, na asiyetaka kugusana na mtu asiye maharimu wake hapungukiwi na kitu. Mavazi ni yale yanayoruhusu goti kupanda: suruali pana na fulana ndefu vinatosha, na mtandio ufungwe vizuri usije ukamfunika macho mbebaji.

Maswali madogo madogo

*Mke ni mzito kuliko mume. Itakuwaje?* Mke awe mbebaji. Ni jambo la kawaida kabisa kwenye mazoezi, na waume wengi hushangaa jinsi inavyotisha kuwa juu.

*Je, inaweza kuponya ndoa iliyovunjwa na usaliti?* Haiwezi. Aliyedanganywa kuhusu fedha au kuhusu mwanamke mwingine hana deni la kumwachia mtu uzito wake, na kumvuta mkekani ili "aamini tena" ni kumdhulumu mara ya pili. Mazungumzo magumu yatangulie, kwa wazazi, kwa mshauri, au popote wanapoyafanyia.

*Mwenzangu hataki.* Basi hataki. Anayefuata masharti ya "shusha" anaanza kuyafuata hapa.

*Mara ngapi kwa wiki?* Mbili zinatosha kuanzia, robo saa kila mara, watoto wakiwa wamelala na simu zikiwa chumba kingine.